Flashi ya Mtu Unayemjua

Hotuba kwa wenye steshenari, walimu na wanafunzi, Ngamiani, Tanga

Ndugu mwenyekiti wa mtaa, wazee wangu, shikamooni. Walimu, wenzangu wa steshenari, na nyinyi wanafunzi mliouacha mpira wa jioni mkaja kukaa humu ndani na joto hili, nawashukuru sana. Itifaki imezingatiwa.

Mmeniomba nizungumze juu ya virusi vya kompyuta, ni vitu gani na tutajikinga navyo vipi. Nitasema. Lakini nitaanzia mezani kwangu, kwa kosa nililolifanya mwenyewe, kwa sababu hilo ndilo linalonifanya nisikatae kila ninapoitwa kuzungumzia jambo hili.

Mwaka 2013 steshenari yangu ilikuwa haijatimiza hata mwaka. Nilikuwa na kompyuta mbili, printa moja na mashine ya fotokopi ya mkopo. Asubuhi moja akaja mwalimu mstaafu, mzee wa upande wa Pangani, akaegemeza baiskeli yake barazani. Nikamwamkia, akaitikia. Akatoa flashi kwenye mfuko wa kanzu, kaiviringisha kwenye leso kama mtu aliyebeba dhahabu. Akaniambia, "Mwanangu, humu mna kazi yangu ya miaka miwili. Nataka uniprintie kurasa zote."

Alikuwa anaandika historia ya kijiji chao. Nani walifika kwanza, visima vilichimbwa na nani, mashamba ya mkonge yalipoanza watu walihamia wapi. Alikwenda kwa wazee mmoja mmoja na daftari, wakamsimulia, kisha akayachapa yote mwenyewe kwa vidole viwili kwenye kompyuta ya mjukuu wake.

Nikachomeka flashi. Folda zikaonekana, ila kila moja ilikuwa na kamshale kadogo kwenye kona ya chini. Nikabofya ya kwanza, kompyuta ikasema hakipatikani kinachotafutwa. Ya pili vilevile. Nikamwambia kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake: "Mwalimu, vimeliwa na virusi. Humu hamna kitu. Nikuformatie, angalau flashi uendelee kuitumia." Akanyamaza. Akaniuliza kama nina hakika. Akarudia kuuliza. Nikasema nina hakika. Nikaformati, yaani nikaifuta yote. Halafu, ili nimwonyeshe kwamba flashi yenyewe ni nzima, nikamwekea nyimbo za taarabu mpaka ikakaribia kujaa. Akasema, "Basi, Mungu ndiye mjuzi," akaiviringisha tena kwenye leso, akapanda baiskeli akaenda zake.

Miezi michache baadaye alikuja kijana wa chuo na laptopu yake, ndani ina Ubuntu, mfumo mwingine usio Windows. Mwenzake akampa flashi yenye ugonjwa uleule, ule wa vimshale. Kijana akaichomeka, na mimi nimesimama nyuma yake natazama. Vimshale vilikuwepo. Na pembeni ya kila kimshale palikuwa na folda yenyewe, nzima, na faili zake zote ndani.

Niliishiwa nguvu. Kazi ya mwalimu ilikuwemo kwenye flashi siku ile. Ilikuwa imefichwa tu. Kirusi hakikufuta hata neno moja. Aliyefuta ni mimi, na zile nyimbo nilizomwekea ndizo zilizofukia hata kile kidogo ambacho fundi mwingine angeweza kukichimbua. Na wazee wawili kati ya waliomsimulia walikuwa wameshafariki.

Kwa hiyo nataka tuelewe. Kutokuelewa kwangu kulimgharimu yule mzee kuliko kirusi chenyewe.

Kirusi cha kompyuta ni programu. Hakizaliwi na vumbi, hakiingii kwa sababu mashine imezeeka au imepata joto. Ni maagizo yaliyoandikwa na mtu aliyekaa akafikiri, na agizo la kwanza ndani yake ni kujinakili: ukifunguliwa, jitie pengine. Baada ya hapo yanafuata mengine kulingana na mwandishi wake anataka nini, kuiba maneno ya siri, kuharibu faili, kukufungia kazi zako mpaka ulipe. Wataalamu wanatofautisha. Kile kinachojibandika kwenye faili au programu nyingine na kusubiri mtu aifungue ndicho kirusi hasa. Kile kinachotembea chenyewe kwenye mtandao, mashine hadi mashine, wanakiita mnyoo. Kile kinachojifanya kitu chema ili ukiingize kwa hiari yako wanakiita trojan. Sisi mtaani vyote tunaviita virusi na mimi sioni ubaya, mradi tujue kwamba kila kimoja kina mlango wake.

Sasa hiki cha vimshale, ambacho wengi hapa mnakiita kirusi cha shotikati. Kinafanya mambo mawili tu. Kwanza kinazibandika folda zako alama inayoiambia Windows kwamba hivi ni vitu vya mfumo, visionyeshwe. Pili, mahali pa kila folda kinaweka shotikati, yaani njia ya mkato, yenye jina lilelile na picha ileile ya folda. Wewe unaona jina la kazi yako, unabofya. Ile shotikati inakiwasha kirusi kwanza, kisha inakufungulia folda yako halisi, kwa hiyo huna unachokishuku. Kazi unaiona, unafurahi, na kompyuta imeshaingiliwa. Kuanzia hapo kila flashi itakayochomekwa kwenye mashine hiyo itaondoka na mzigo. Siku ile kwangu, antivairasi, ile programu ya kuwinda virusi, ilikuwa imeshakifuta kirusi chenyewe ikaziacha shotikati zake, ndiyo maana hazikufunguka.

Ukitazama vizuri utakijua. Kimshale kwenye kona ni alama ya kwanza. Ya pili ni uzito: folda uliyoweka picha za harusi nzima haiwezi kuwa na kilobaiti moja au mbili. Ya tatu, bofya kulia kwenye flashi utazame nafasi iliyotumika. Kama flashi inasema imejaa gigabaiti sita na wewe unaona vitu vya kilobaiti kumi, basi mali yako imo humo humo. Usiformati! Nawaomba sana mafundi wenzangu, msiformati flashi ya mtu kabla ya kutazama hapo.

Kuzirudisha ni kazi ya dakika moja. Hakikisha kwanza mashine unayotumia ni safi, la sivyo utafichua na kirusi kitaficha tena. Fungua lile dirisha jeusi la amri, uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha ubonyeze Enter. Ile E ni herufi ya flashi. Kwenye mashine yako inaweza kuwa F au G. Amri hiyo inaondoa alama za kuficha kwenye kila kilichomo. Folda zitatokea. Zinakili pahali salama, futa shotikati zote na faili usizozijua, na hapo sasa ukitaka kuformati, formati. Dakika moja. Ningeijua amri ile mwaka 2013 nisingekuwa na cha kuwasimulia leo.

Wanafunzi mtaniuliza, kwa nini kirusi kijisumbue kutengeneza folda za uongo? Zamani hakikuhitaji. Windows za zamani zilikuwa na tabia ya kuwasha zenyewe kilichomo kwenye flashi mara tu inapochomekwa. Windows 7 ilipotoka mwaka 2009 tabia hiyo kwa flashi ikaachwa, na Februari 2011 Microsoft ikasambaza sahihisho la kuizima hata kwenye Windows XP na Vista. Mashine ikaacha kujifungulia yenyewe, ikabidi virusi vitafute mtu wa kuvifungulia. Ndipo zikashamiri hila za namna hii, ambazo haziendi bila kidole cha mtu, na kidole hakibofyi kitu kisichokijua. Kinabofya folda yake mwenyewe.

Hapa ndipo kwenye jambo ninalotaka mrudi nalo nyumbani. Tumezoea kudhani virusi vinaletwa na watu wabaya wasiojulikana. Mimi nimefanya kazi hii zaidi ya miaka kumi, na karibu kila mashine niliyoisafisha ilipata kirusi kutoka kwa mtu ambaye mwenye mashine anamjua na anamwamini. Flashi ya mwalimu mwenzake. Barua pepe ya bosi. Programu aliyopewa na fundi wake, na fundi mwenyewe mara nyingine ni mimi. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwenye kompyuta neno hili halina chumvi hata kidogo.

Na ni hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1982 kule Marekani kijana wa miaka 15 aitwaye Rich Skrenta alikuwa na mazoea ya kuchezea diski za michezo anazowaazima rafiki zake, mpaka wakakataa asiguse tena diski zao. Akakaa akawaza atawafikiaje bila kugusa diski. Akaandika Elk Cloner: kinakaa kwenye kompyuta ya Apple II, na diski yoyote safi itakayoingizwa hapo inakipata na kukipeleka mbele. Kila diski ikifikisha mara ya 50 kuwashwa, linatokea shairi kwenye skrini. Hakikuharibu kitu kwa makusudi, ila tazameni dawa aliyoipata kijana yule. Rafiki zake hawakumwamini yeye, lakini waliaminiana wao kwa wao, na hilo lilimtosha.

Mwaka 1986 kikatoka kirusi cha Brain huko Lahore, Pakistan. Walioandika ni ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi, wenye duka la kompyuta. Wenye duka! Watu wa kazi kama yetu. Walisema walitaka kujua nani wanakili programu yao bila kuilipia, na ndani ya kirusi waliandika majina yao, anwani ya duka na namba za simu. Kikapita diski kwa diski, mikononi mwa watu waliokuwa wanapeana programu kirafiki, mpaka ng'ambo. Wakaanza kupigiwa simu kutoka nchi ambazo hawajawahi kuzikanyaga.

Kisha ikaja tarehe 4 Mei 2000. Kutoka Ufilipino ilisambaa barua pepe yenye kichwa ILOVEYOU, yaani nakupenda, na ndani yake faili linaloitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ilikuwa inaficha herufi za mwisho za jina la faili, kwa hiyo wengi waliona TXT wakadhani ni maandishi tu. Zile herufi tatu za mwisho, vbs, ndizo zilizokuwa zinasema hii ni programu. Ukifungua, inaharibu picha zako na kujituma kwa kila mtu aliyemo kwenye kitabu chako cha anwani. Kwa hiyo aliyepokea aliona jina la rafiki, la mkubwa wake wa kazi, la mke wake. Nani asingefungua? Ilifika kwenye mamilioni ya kompyuta duniani. Aliyeiandika alikuwa mwanafunzi, na hakufungwa, kwa kuwa Ufilipino haikuwa na sheria ya kosa hilo wakati ule. Sisi tunayo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa hiyo vijana mnaofikiria kujaribu, msijaribu.

Jambo la herufi za mwisho bado lipo hadi leo, na tiba yake ni bure. Kwenye Windows fungua folda yoyote, nenda kwenye mipangilio ya mwonekano, uwashe kuonyesha mwisho wa majina ya faili, na papo hapo uwashe kuonyesha vilivyofichwa. Fanya mara moja tu kwenye mashine yako. Kuanzia siku hiyo barua ikija inaitwa ankara.pdf.exe utaiona yote, na utajua kwamba exe ni programu iliyojivisha kanzu ya PDF. Kwenye simu ni vilevile. Ukitumiwa kwenye WhatsApp kadi ya mwaliko wa harusi na jina lake linaishia apk, hiyo si kadi. Kadi ni picha au PDF. Apk ni programu inayotaka kuingia kwenye simu ambayo ndani yake mna hela zako. Hata kama imetoka kwa shangazi, mpigie kwanza umwulize. Huenda simu yake imeshaingiliwa na hana habari.

Sasa turudi kwetu, maana nina neno na wenye steshenari. Mji wetu unasifika kwa waja leo, waondoka leo. Flashi za wateja nazo ndivyo zilivyo, zinakuja na kuondoka, ila kilichoingia nazo hakiondoki. Hebu fuateni siku moja tu. Saa mbili asubuhi mwanafunzi anakuja na flashi yenye kirusi, anaprinti kazi ya chuo. Saa tatu mwalimu anakuja kuprinti mtihani, anachomeka kwenye mashine ileile, anarudi nayo shuleni kwenye kompyuta ya ofisi ambayo walimu wote wanaitumia. Saa tano karani anakuja na muhtasari wa kikao, anaondoka na flashi kwenda ofisini. Mchana kijana anatia filamu, anaipeleka Muheza kwa kaka yake. Kabla ya alasiri kirusi kimoja kimefika shule, ofisi na wilaya ya pili, na hakuna hata mmoja aliyefanya baya. Steshenari ni kama kisima cha mtaa, kila mtu anatumbukiza ndoo yake. Mwenye kisima hawezi kusema ndoo chafu zinamhusu mwenye ndoo.

Mimi nilifanya hivi. Kompyuta inayopokea flashi za wateja nimeitenga. Haina hesabu za duka wala kazi za watu, na ndani nimeweka Ubuntu, mfumo ambao hauuzwi, unapakuliwa bure. Virusi vilivyoandikwa kwa ajili ya Windows haviwaki humo. Na ile alama ya kuficha haijali, kwa hiyo folda zilizofichwa zinaonekana zenyewe, kama nilivyoona kwa yule kijana. Ninaprinti kutoka hapo hapo. Mashine ya pili, yenye vitu vyangu, haiguswi na flashi ya mtu. Kompyuta nyingi za zamani mlizozitupa stoo zinatosha kwa kazi hii.

Na wateja nawaomba jambo moja. Usije steshenari na flashi yenye maisha yako yote. Njoo na flashi tupu yenye kile unachotaka kuprinti, na kiwe PDF, nakala halisi ibaki nyumbani. Hata mashine yangu ikiwa chafu, utakachopoteza ni karatasi moja. Na ukifungua WhatsApp yako kwenye kompyuta ya steshenari, usiondoke bila kuifunga. Nimeshazifunga nyingi za watu walioondoka wakaziacha wazi.

Kuhusu antivairasi sitasema sana, kwa sababu jambo lenyewe ni fupi. Windows za sasa zinakuja na mlinzi wake, Microsoft Defender, hulipii kitu. Kwa mtu wa kawaida anatosha, mradi awe macho na apate taarifa mpya. Tatizo ni kwamba sisi wenyewe tunamzima. Programu zilizokrakiwa, yaani zilizovunjwa kufuli ili zisilipiwe, tunazopeana, zile za kuhariri picha na za kuandaa vitabu, mara nyingi zinakuja na maelekezo: zima kwanza antivairasi, ndipo uingize. Jamani! Mtu akija nyumbani kwako usiku akakwambia mlinzi wako alale kwanza ndipo aingie, utamkaribisha? Najua programu halali ni ghali na mishahara yetu tunaijua. Kwa hiyo nawaonyesha zisizo na gharama: LibreOffice kwa kuandika na hesabu, GIMP kwa picha. Zinafanya kazi. Mimi kadi zangu zote nazitengenezea humo.

Na kwenye simu ni jambo lilelile. WhatsApp za kutengenezwa na watu, zile zenye rangi na mambo mengi, hazitoki kwa wenye WhatsApp. Mwaka 2021 wataalamu wa Kaspersky, kampuni ya antivairasi, walikuta trojan iitwayo Triada ndani ya toleo moja la FMWhatsApp. Mtu aliiweka simuni ili apate urembo, akampokea na mgeni asiyemwona.

Apdeti, yaani masahihisho ya programu, nazo tunazikimbia kwa sababu ya bando. Naelewa. Ila sikilizeni. Machi 2017 Microsoft ilitoa sahihisho la tundu moja kwenye Windows. Tarehe 12 Mei, miezi miwili baadaye, mnyoo wa WannaCry ukapita kwenye tundu hilo hilo, ukaingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, ukafunga faili za watu na kudai dola 300 kwa kila mashine. Hospitali za Uingereza zikaahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Waliokuwa wameshaapdeti hawakuguswa kupitia tundu lile. Miezi miwili walikuwa nayo. Nunueni bando la usiku, mashine iachwe ijisahihishe mkiwa mmelala. Na wenye Windows 10 mjue Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine isiyoweza kupanda Windows 11 ni bora ihamie Ubuntu kuliko kuendelea hivyo na matundu yasiyozibwa.

Lakini apdeti nayo inatoka kwa mtu unayemwamini, na hapa nawaleta kwenye kisa ambacho sisi watu wa bandari tunapaswa kukijua. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi kiitwacho NotPetya kilianzia Ukrainia. Kilipitia kwenye masahihisho ya programu halali ya hesabu za kodi iitwayo M.E.Doc, ambayo makampuni ya huko yanaitumia kila siku. Waliokishambulia chanzo hicho walitia sumu kisimani. Maersk, wenye meli na yale makontena mnayoyaona barabarani kila siku, walikuwa na ofisi huko. Kirusi kikaingia kwao, na kwa muda mfupi kikaenea kampuni nzima. Mageti ya bandari wanazoziendesha yakafunga, malori yakapanga foleni, hakuna aliyejua kontena lipi lina nini. Na kirusi hiki kilijifanya kinadai fidia, lakini hata ukilipa hakikuwa na njia ya kukurudishia faili.

Walikuwa na seva, yaani kompyuta za kuhudumia nyingine, zipatazo 150 zinazotunza orodha ya mashine na watumiaji wote wa kampuni. Walizipanga zinakiliane zenyewe kwa zenyewe, wakidhani hizo ndizo bekapu, yaani nakala za akiba. Zote zilikuwa hewani wakati mmoja, zikafutwa kwa pamoja. Ikabaki moja tu duniani. Ilikuwa Ghana. Ilipona kwa sababu kabla ya kirusi kufika umeme ulikuwa umekatika, ikazimika, ikakosa mtandao. Mtandao wa Ghana ulikuwa mwembamba mno kurusha kilichomo hadi Uingereza, ambako kazi ya kuifufua mitambo ilikuwa inafanyika, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Ikabidi mmoja apande ndege hadi Nigeria, amkabidhi mwenzake diski uwanja wa ndege, naye akaruka nayo mpaka London. Kwa diski ile ndipo kampuni ikaanza kusimama tena. Walisimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kumi, na hasara yao ikakadiriwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Nimekifikiria sana kisa hiki. Kilichowaokoa kilikuwa nakala iliyokuwa haijaunganishwa na kitu. Sisi tunaoulalamikia umeme kila wiki tuna sababu ya kulielewa hilo haraka kuliko wengine. Bekapu iliyochomekwa kwenye kompyuta muda wote si bekapu, kirusi kitakachofunga kompyuta kitaifunga nayo. Nakala ziwe tatu, ziwe kwenye vyombo visivyofanana, na moja ikae nyumba nyingine kabisa, imezimwa.

Yule mwalimu nilimtafuta. Ilinichukua muda kupata ujasiri, lakini nilikwenda Pangani, nikakaa naye barazani kwake, nikamweleza kila kitu nilivyokieleza kwenu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sasa umejua. Wafundishe na wenzio." Kisha akaingia ndani akatoa daftari. Alikuwa ameanza upya, kwa kalamu, yale aliyoyakumbuka na yale ambayo wazee waliobaki waliweza kumrudia. Mengine hayakurudi. Mjukuu wake akayachapa, na tangu hapo nakala zipo tatu. Moja kwenye kompyuta ya mjukuu Pangani, moja kwenye diski kwa binti yake Muheza, na ya tatu iko dukani kwangu, kwenye mtoto wa meza, kwenye flashi iliyoviringishwa kwenye leso. Huichomeka kwenye ile mashine ya Ubuntu kila baada ya miezi mitatu, nikahakikisha inafunguka, nikairudisha. Mwalimu ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Historia ya kijiji chao ipo.

Mashine ile nimekuja nayo, hii hapa mezani, na muda tulionao unatutosha. Kila mwenye flashi mfukoni aje tuitazame pamoja, na wanafunzi msogee mbele muone amri ile ikiandikwa. Mama pale nyuma, naona umeshaitoa yako. Karibu, tuanze na hiyo.